Seli Shina Zinapozeeka Maabarani: Athari kwa Uwezo wa Kutuliza Kinga ya Mwili

Ikisiri

Seli shina za mesenkima hutumika kutibu magonjwa yanayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe au kushambulia kiungo kigeni. Ili zitoshe dozi ya mgonjwa, ni lazima zioteshwe maabarani zigawanyike mara nyingi, na kila mgawanyiko huzisogeza karibu na ukongwe. Makala haya yanaeleza jinsi ukongwe huo unavyodhoofisha uwezo wa seli hizi kutuliza kinga, yanapima ushahidi uliopo, na yanaonesha ni wapi mamlaka za udhibiti wa dawa katika nchi za Afrika Mashariki zinapaswa kuelekeza macho pindi zitakapoletewa maombi ya kusajili tiba za aina hii.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004 madaktari wa Stockholm walichapisha katika jarida la The Lancet taarifa fupi kuhusu mvulana wa miaka 9 aliyepandikizwa seli shina za damu kutoka kwa mchangiaji asiye ndugu yake, ili kutibu saratani ya damu. Pandikizi lilishika. Hata hivyo, seli za kinga zilizokuja pamoja nalo ziliuona mwili wa mtoto kuwa ugenini na kuanza kuushambulia, hasa utumbo na ini. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji, na pale inapofikia daraja la nne bila kuitikia steroidi, wagonjwa wengi hufariki. Dawa zilizokuwapo hazikufua dafu. Madaktari wakachukua uloto wa mama wa mtoto, wakatenga humo seli za mesenkima, wakaziotesha kwa wiki chache na kumdunga mtoto. Hali yake ikabadilika kwa kasi ambayo haikutarajiwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2009, yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la kampuni moja ya Marekani lililohusisha wagonjwa 260 wenye ugonjwa huohuo. Seli zilikuwa za jina lilelile, zikiwa zimetoka kwenye uloto uleule wa binadamu. Wagonjwa waliopona kikamilifu kwa siku 28 au zaidi walikuwa asilimia 35 kwa waliopewa seli, na asilimia 30 kwa waliopewa plasebo. Tofauti hiyo ni ndogo mno kitakwimu kuweza kuitwa mafanikio.

Kati ya matukio hayo mawili pana tofauti nyingi: umri wa wagonjwa, dawa nyingine walizokuwa wakitumia, namna seli zilivyohifadhiwa. Ipo pia tofauti moja ambayo haionekani kwenye lebo ya kichupa. Seli za mvulana wa Stockholm zilioteshwa kwa muda mfupi kwa ajili ya mgonjwa mmoja, ilhali seli za kiwandani zilizidishwa kwa wingi ili mchangiaji mmoja atoshe maelfu ya dozi. Kwa maneno mengine, zilikuwa zimegawanyika mara nyingi zaidi, na seli inayogawanyika huzeeka.

2.0 Seli zenyewe na suala la istilahi

Seli hizi zilianza kufahamika kupitia kazi za Alexander Friedenstein na wenzake huko Moscow katika miaka ya 1960 na 1970. Waliona kwamba uloto ukimwagwa kwenye chombo cha kuoteshea, seli chache sana hunata chini ya chombo, hurefuka kama uzi na kuunda makundi yanayoweza kugeuka mfupa. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Marekani aliyapa umaarufu majina ya seli shina za mesenkima. Mwaka 2006 jumuiya ya kimataifa ya tiba ya seli iliweka vigezo vitatu vya chini: seli zinate kwenye plastiki, ziwe na alama za CD105, CD73 na CD90 juu ya utando wake huku zikikosa alama za seli za damu, na ziweze kugeuka kuwa mfupa, mafuta na gegedu. Caplan mwenyewe, mwaka 2017, aliomba jina alilolieneza liachwe, kwa hoja kwamba seli hizi mwilini mwa mgonjwa hazijengi tishu mpya bali hutoa ishara za kitabibu. Ombi lake halikusikilizwa sana; jina lilikwisha kuzoeleka, na wauzaji wa tiba walikuwa na sababu zao za kulipenda neno "shina".

Jambo la kuzingatiwa kwenye vigezo hivyo vya 2006 ni kile ambacho havikusema. Hakuna hata kimoja kinachopima uwezo wa kutuliza kinga, na hakuna kinachouliza umri wa seli. Seli iliyogawanyika mara 5 na iliyogawanyika mara 30 zote huweza kunata kwenye plastiki na kuonesha alama zilezile tatu. Kwa hiyo, mzalishaji anayetoa cheti kinachosema tu kwamba bidhaa yake imekidhi vigezo vya kimataifa hajasema uongo, ila pia hajasema lolote kuhusu jambo ambalo mgonjwa analipia.

Kwa upande wa Kiswahili, inafaa kutenganisha dhana mbili ambazo mara nyingi huvikwa neno moja la "kuzeeka". Makala haya yanatumia kuzeeka kwa mchakato wa polepole unaoanza tangu seli inapowekwa kwenye chombo, na ukongwe kwa hali ya mwisho ambapo seli imeacha kabisa kugawanyika ingawa bado i hai. Seli kongwe si seli mfu. Hula, hupumua, na kama itakavyoonekana, hunena sana. Wanaotafsiri dhana hii kwa "kufa kwa seli" huwapotosha wasomaji wao, kwani madhara mengi ya ukongwe yanatokana hasa na ukweli kwamba seli hazikufa.

3.0 Jinsi seli za mesenkima zinavyotuliza kinga

Seli ya mesenkima ikiwa katika mazingira tulivu haifanyi mengi kwa kinga. Huamshwa na uvimbe wenyewe. Seli T zinaposhambulia, humwaga intaferoni-gama na kemikali nyingine iitwayo TNF. Seli ya mesenkima hupokea kemikali hizo kupitia vipokezi vyake na kubadili tabia. Katika seli za binadamu, badiliko kubwa ni kutengenezwa kwa kimeng'enya kijulikanacho kwa kifupi kama IDO. Kimeng'enya hiki huvunjavunja asidi amino ya triptofani kuwa kinurenini. Seli T zinazotaka kuongezeka huhitaji triptofani. Zikiikosa, na zikizungukwa na kinurenini, husimama. Panya hutumia njia tofauti, gesi ya naitriki oksidi, na tofauti hiyo ni sababu mojawapo kwa nini matokeo ya panya hayapaswi kupelekwa moja kwa moja wodini.

IDO haifanyi kazi peke yake. Prostaglandini E2 inayotolewa na seli hizi huzigeuza makrofaji kutoka hali ya ushambulizi hadi hali ya ukarabati, ambapo hutoa saitokaini ya IL-10 yenye kupoza uvimbe. Protini ya TSG-6 huzuia chembe nyeupe za damu zisimiminike kwenye eneo lililoumia. TGF-beta husaidia kuzalisha seli T za udhibiti, zile ambazo kazi yake ni kuzizuia nyenzake.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo liligeuza mawazo ya wengi. Seli zinapodungwa kwenye mshipa, nyingi hunasa kwenye mishipa midogo ya mapafu na kutoweka ndani ya siku chache. Inakuwaje basi zitulize utumbo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba seli za mesenkima huuawa na seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, kisha mabaki yake humezwa na makrofaji na seli nyingine mezi, na ni seli hizo zilizomeza ndizo zinazotengeneza IDO na kutuliza kinga. Wagonjwa ambao damu yao ilikuwa na uwezo mkubwa wa kuziua seli hizo ndio walioitikia tiba. Kwa maana hiyo, kifo cha seli ni sehemu ya dawa. Hoja hii itarejewa hapa chini, kwa kuwa inaleta swali gumu kuhusu ukongwe.

4.0 Namna seli zinavyozeeka kwenye chombo

Kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20 iliaminika kwamba seli ikitunzwa vizuri nje ya mwili huishi milele. Imani hiyo ilitokana na Alexis Carrel wa New York, aliyedai kuotesha tishu ya moyo wa kifaranga kwa miongo mingi. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, walionesha kinyume chake: seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Kilichokuwa kikihesabu migawanyiko hiyo kilijulikana baadaye. Ncha za kromosomu, yaani telomia, hufupika kila DNA inaponakiliwa. Zikifupika kupita kiasi, seli hulichukulia jambo hilo kama DNA iliyokatika na kuwasha breki zake, ambazo ni protini za p53 na p21, na pia p16. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao kuhusu telomia.

Telomia hata hivyo si saa pekee. Ndani ya uloto, oksijeni ni kidogo; kwenye inkubeta ya kawaida hufikia takriban asilimia 20, na oksijeni hiyo ya ziada huchoma protini na DNA. Plastiki ni ngumu kuliko tishu yoyote laini ya mwili. Seramu ya ndama huwapo au haipo, hubadilika ubora kutoka chupa hadi chupa. Kila seli zinapojaa chombo, hung'olewa kwa kimeng'enya na kuhamishiwa kwenye vyombo vipya. Mambo haya yote huleta ukongwe wa mapema, hata telomia zikiwa bado ndefu.

Wafanyakazi wa maabara hupenda kuhesabu umri wa seli kwa idadi ya uhamisho: P1, P2, P3 na kuendelea. Kipimo hiki ni chepesi na kinapotosha. Maabara inayogawa chombo kimoja kuwa vitatu kila uhamisho huzifanya seli zigawanyike mara moja na nusu hivi kabla ya kujaa tena. Inayogawa kimoja kuwa kumi huzifanya zigawanyike zaidi ya mara tatu. Seli za P4 za maabara ya pili zinaweza kuwa zimezeeka maradufu ya zile za P4 za maabara ya kwanza. Kipimo chenye maana ni idadi ya mizidisho maradufu tangu mwanzo, na hicho mara nyingi hakitajwi.

Hesabu ndogo inatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Ichukuliwe kwamba uloto wa mchangiaji mmoja umetoa seli waanzilishi 10,000. Mtoto wa kilo 20 anayehitaji seli milioni 2 kwa kila kilo, mara 8, anahitaji jumla ya seli milioni 320. Mizidisho 15 inatosha, kwa kuwa 10,000 ikizidishwa maradufu mara 15 hutoa seli zipatazo milioni 328. Mzalishaji akitaka kuwatibu watoto 1,000 kutoka kwa mchangiaji huyohuyo, anahitaji mizidisho 10 tu ya ziada, yaani 25 kwa jumla, bila kuhesabu seli zinazopotea njiani. Kwa mfanyabiashara, mizidisho hiyo 10 ni rahisi mno: gharama ya kumtafuta na kumpima mchangiaji imegawanywa kwa elfu. Kwa seli, mambo ni tofauti. Utafiti wa mwaka 2003 nchini Denmark uliozilinganisha seli za uloto za vijana na za wazee ulikuta kwamba za vijana ziliweza kufikia wastani wa mizidisho 41 kabla ya kusimama, na za wazee 24. Bidhaa ya mizidisho 25 ingekuwa ya makamo kwa mchangiaji kijana, na isingewezekana kabisa kwa mchangiaji mzee wa kawaida.

Wastani nao huficha mengi. Ndani ya chombo kimoja hazizeeki zote kwa pamoja. Zipo seli zinazosimama mapema na zipo zinazoendelea kugawanyika hadi kuutawala umma mzima wa seli kwenye chombo. Isitoshe, mabadiliko katika utendaji wa jeni huanza kuonekana tangu uhamisho wa kwanza, muda mrefu kabla ya darubini kuonesha dalili. Mtu anayesubiri kuona seli pana, bapa, zenye punje nyingi ndani yake, amechelewa sana.

5.0 Kinachopotea na kinachoongezeka

Kinachopotea kwanza ni wepesi wa kuitikia. Seli changa ikikutana na intaferoni-gama hutengeneza IDO kwa wingi. Seli iliyochoka kwa migawanyiko hutengeneza kidogo, na majaribio ya maabara yameonesha kwamba uwezo wake wa kuzuia seli T hupungua sambamba na hilo. Kwa watafiti, jambo lenye manufaa hapa ni kwamba udhaifu huo hauonekani seli ikiwa imetulia. Huonekana pale tu inapochokozwa. Kipimo cha ubora kinachochukuliwa kwenye seli zisizochokozwa kitazipitisha seli changa na nzee bila kuzibagua.

Cha pili ni mwendo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 liliwatumia panya waliopewa sumu ya bakteria kwa kiwango cha kuua. Seli za mesenkima za binadamu zilizokuwa changa ziliwakinga panya hao, lakini zilizofanywa kongwe kwa mionzi zilipoteza kinga hiyo. Seli kongwe zilikuwa pia nzito kuhama kufuata ishara za uvimbe. Ni kweli kwamba mionzi si sawa na migawanyiko, na panya si mtu. Ila matokeo hayo yanakubaliana na yale ya seli zilizozeeka kwa kugawanyika.

Kinachoongezeka kinatisha zaidi. Seli kongwe humwaga mchanganyiko wa kemikali zikiwamo IL-6, IL-8, saitokaini ziitazo monosaiti, na vimeng'enya vinavyomeng'enya tishu. Judith Campisi na wenzake waliuelezea kwa kina mchanganyiko huu mwaka 2008 kuwa tabia ya kudumu ya seli kongwe. Kemikali hizi huchochea uvimbe na zinaweza kuzifanya seli jirani changa nazo ziwe kongwe. Hivyo, dozi iliyochanganyika seli changa na kongwe haipungui nguvu kwa uwiano wa hesabu tu: sehemu mbaya huweza kuiharibu sehemu nzuri, na mgonjwa aliyehitaji kupozwa hudungwa pia vichochezi vya kile kinachomwua.

Picha hii ina nyufa ambazo uaminifu wa kitaaluma haupaswi kuzifunika. Baadhi ya maabara zimeripoti seli za uhamisho wa mbali ambazo bado huzuia seli T kwenye chombo. Sehemu ya jibu ni kwamba chombo ni mazingira finyu: seli mbili zikifungiwa pamoja kwa siku kadhaa, hata seli dhaifu hutoa prostaglandini ya kutosha kuleta matokeo, tofauti na mwilini ambako damu huyachukua yote. Ugumu mkubwa zaidi unatokana na ugunduzi wa 2017 uliotajwa hapo juu. Ikiwa seli hufanya kazi kwa kufa na kumezwa, kwa nini uzee wake ulete tofauti? Jibu linaloelekea kuwa na mantiki ni kwamba ukongwe hugusa kifo chenyewe. Seli kongwe hujulikana kwa kukinza kifo cha mpangilio, kwani hukusanya protini zinazozuia njia hiyo. Seli isiyokufa kwa wakati haimezwi kwa wakati, na badala ya kuwa dawa hubaki ikimwaga vichochezi. Dhana hii inangoja kujaribiwa ipasavyo kwa wagonjwa, na ingefaa iwe miongoni mwa maswali ya kwanza ya jaribio lolote jipya.

Kwa upande mwingine, ukongwe una fadhila yake. Ni breki dhidi ya saratani. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba seli za mesenkima za binadamu zilioteshwa muda mrefu hadi zikageuka kuwa za saratani. Taarifa hiyo ilizua hofu duniani, na mwaka 2010 ikaondolewa na watafiti wenyewe baada ya kugundulika kwamba seli za saratani kutoka chombo kingine zilikuwa zimeingia humo. Hadi sasa, seli hizi za binadamu zikioteshwa kupita kiasi kwa kawaida husimama. Ndiyo maana mapendekezo ya kuzirefushia telomia kwa kuziongezea jeni hupokelewa kwa tahadhari kubwa: anayeondoa breki hununua ujana kwa bei asiyoijua.

6.0 Ushahidi kutoka wodini

Kundi la Stockholm lililomtibu mvulana wa 2004 lilichapisha mwaka 2008 matokeo ya wagonjwa 55, ambapo 30 walipona kikamilifu na 9 walipata nafuu. Hapakuwa na kundi la plasebo. Mwaka 2012 kundi hilohilo lilirudi kwenye kumbukumbu zake na kuuliza swali lililopaswa kuulizwa mapema: je, wagonjwa waliopewa seli za uhamisho wa awali walifanana na waliopewa za baadaye? Waliopewa seli za P1 na P2, asilimia 75 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Waliopewa za P3 na P4, asilimia 21.

Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, nao hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba pengo lote hilo limeletwa na uzee wa seli. Inawezekana kwamba tiba nyingine ziliboreka, au kwamba wagonjwa wa kundi moja walikuwa hoi zaidi. Lakini pengo ni kubwa, na seli za P3 na P4 kwa viwango vya kiwandani bado huhesabika kuwa changa.

Ukongwe pia haupaswi kubebeshwa lawama zote za jaribio la 2009. Seli za kiwandani hugandishwa, huyeyushwa kando ya kitanda na kudungwa papo hapo. Imeonekana kwamba seli zilizotoka tu kuyeyushwa hazitengenezi IDO ipasavyo, na kwamba zikirudishwa kwenye chombo kwa siku moja hurejesha uwezo huo. Uzee na baridi huongezeana madhara, na ni vigumu kuyatenganisha baada ya tukio.

Historia ya bidhaa hiyohiyo inafundisha subira. Canada iliiruhusu kwa masharti mwaka 2012, kwa watoto. Nchini Marekani, jaribio la watoto 54 ambao steroidi hazikuwasaidia lilionesha mwitikio kwa asilimia 70 ifikapo siku ya 28. Mwezi Agosti 2020 jopo la washauri lilipiga kura 9 kwa 1 kuunga mkono. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikakataa, na ikakataa tena mwaka 2023, ikitaka ushahidi zaidi pamoja na uthibitisho kwamba kipimo cha nguvu ya bidhaa kinatabiri kinachompata mgonjwa. Idhini ilitoka Desemba 2024. Sehemu kubwa ya mvutano wa miaka hiyo ilihusu swali la mwanzo la makala haya: seli zilizomo kwenye kichupa hiki zinaweza kufanya nini, na nani amezipima?

7.0 Mambo ya kuulizwa na mamlaka za udhibiti

Kwa nchi za Afrika Mashariki suala hili halipo mbali tena. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao mzigo wake ni mkubwa Tanzania, Uganda na magharibi mwa Kenya. Kila pandikizi linalotoka kwa mtu mwingine, hata ndugu wa tumbo moja, hubeba uwezekano wa ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji. Idadi ya mapandikizi ikiongezeka, watakuwapo watoto ambao steroidi hazitawasaidia, na wazazi watakaouliza kuhusu seli walizosoma habari zake mtandaoni. Wakati huohuo, zipo kliniki za kibinafsi katika nchi nyingi duniani zinazouza seli za mafuta au za kiungamwana kwa maumivu ya goti, kisukari na hata usonji, mara nyingi bila kueleza seli hizo zimetoka wapi wala zimegawanyika mara ngapi.

Mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha udhibiti wa dawa, uliozinduliwa mwaka 2012, ulijengwa kwa kufikiria vidonge na chanjo, bidhaa ambazo kidonge cha elfu moja ni sawa na cha kwanza. Wakala wa Dawa wa Afrika wenye makao yake Kigali nao ungali mchanga. Kanuni za seli hai zinahitaji mantiki nyingine, kwa sababu hapa njia ya uzalishaji ndiyo bidhaa yenyewe.

La kwanza kudaiwa kwa mwombaji ni idadi ya mizidisho maradufu tangu seli zilipotolewa kwa mchangiaji, pamoja na umri wa mchangiaji huyo, badala ya namba ya uhamisho peke yake. Hili halimgharimu mzalishaji chochote; ni suala la kuhesabu seli kila zinapowekwa na zinapovunwa, na anayeshindwa kulitaja ama hakuhesabu ama hataki kusema. La pili ni kipimo cha uwezo kilichofanywa baada ya seli kuchokozwa kwa intaferoni-gama, na kufanywa kwenye seli zilizogandishwa na kuyeyushwa kama zitakavyomfikia mgonjwa. Kiwango cha kinurenini kwenye majimaji ya chombo hupimika kwa vifaa vya kawaida vya kemia, hivyo maabara za taifa zinaweza kukirudia zenyewe bila kutegemea cheti cha mwuzaji.

Kuhusu alama za ukongwe wenyewe, ipo rangi ya buluu inayotokana na kimeng'enya cha beta-galaktosidasi katika asidi ya pH 6, iliyoanza kutumika mwaka 1995. Ni rahisi, ila seli zilizosongamana nazo huweza kushika rangi hiyo, na husema kidogo kuhusu seli zilizo njiani kuelekea ukongwe. Kiasi cha p16 hutoa habari bora zaidi. Zipo pia alama za methili kwenye sehemu chache za DNA ambazo hubadilika kwa utaratibu kadiri seli zinavyooteshwa. Kwa kuzisoma, inawezekana kukadiria umri wa seli hata kama daftari la maabara limepotea au limeghushiwa. Kwa msimamizi wa dawa, kipimo kisichotegemea ukweli wa daftari kina thamani kuliko vingine vyote, na kinafaa kupewa kipaumbele katika mafunzo ya wataalamu wa kanda.

Waombaji wataeleza pia hatua wanazochukua kuchelewesha uzee. Kuotesha kwenye oksijeni ndogo kuna mantiki ya kibiolojia na huongeza migawanyiko kabla ya ukongwe. Kutumia mchuzi wa chembe sahani za damu ya binadamu badala ya seramu ya ndama huharakisha ukuaji, jambo ambalo ni tofauti na kuzuia uzee, ingawa matangazo hulichanganya. Kuziamsha seli kwa intaferoni-gama kabla ya kuzidunga huongeza IDO, na huenda kukazifidia kwa sehemu seli zilizoanza kuchoka. Kuchanganya seli za wachangiaji kadhaa hupunguza tofauti kati ya mtu na mtu. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayomwondolea mwombaji wajibu wa kutaja hesabu ya mizidisho.

Lipo hatimaye suala la gharama, ambalo washauri wa sera hawawezi kulikwepa. Kikomo kikali cha mizidisho humaanisha wachangiaji wengi zaidi, vipimo vingi zaidi vya virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na bei ya juu kwa kila mtoto. Kikomo kilegevu hushusha bei na huenda kikashusha pia manufaa hadi karibu na yale ya plasebo. Kituo kidogo cha kikanda, kinachootesha seli kwa mizidisho isiyozidi 15 au 20 kwa ajili ya hospitali chache za kupandikiza uloto, kingekaribia zaidi mfano wa Stockholm kuliko wa kiwanda, na kwa idadi ya wagonjwa inayotarajiwa katika kanda hii huenda kingetosha. Mahali pa kuanzia ni benki za damu za taifa, ambazo tayari zina mifumo ya kuwachuja wachangiaji na kufuatilia kila mfuko kutoka mkononi mwa mchangiaji hadi kwa mgonjwa.